Baba anasema mshika mbili moja humponyoka, na mimi nimeshika matano

Shikamoo Mama Mshauri,

Naisoma safu yako tangu dada yangu alipokuandikia kuhusu mchumba wake. Ushauri wako aliufuata, wakaachana, na mpaka leo anakuombea dua. Leo ni zamu yangu, ila langu si la mapenzi.

Nina miaka 20 na nataka kuwa daktari. Mwaka jana nilifanya mtihani wa kuingia chuo cha udaktari nikakosa kwa alama chache. Chache kweli, si za kujifariji. Zimebaki wiki 14 nirudie. Biolojia naipenda na yenyewe inanipenda: mtihani wa majaribio wa juzi nimepata 74 kati ya 100. Fizikia 58. Kemia 41, na hiyo 41 nimeitolea jasho.

Kukaa nyumbani nisome tu siwezi. Ni keshia wa supamaketi, saa 30 kwa wiki, na mshahara huo unasaidia kodi ya nyumba na ndio unaolipa tuisheni yangu. Zamu zetu tunatumiwa Ijumaa jioni kwa simu. Mara nyingi napangiwa mchana, lakini meneja akikosa mtu naitwa asubuhi, na mazoezi yakigongana na zamu nabembeleza wenzangu tubadilishane. Kwenda na kurudi kunanila kama saa 7 kwa wiki. Tuisheni ni Jumanne na Alhamisi asubuhi, saa 6 jumla.

Halafu kuna mpira wa kikapu. Hapa ndipo vita vilipo. Mazoezi Jumatatu na Jumatano jioni, mechi Jumamosi, kama saa 8 ukijumlisha. Mimi ndiye nahodha. Nacheza tangu nikiwa na miaka 11, na uwanjani ndipo mahali pekee ambapo sijioni nimechelewa. Nikiingia nimevurugwa, dakika ya kumi nimeshasahau kilichonivuruga. Msimu huu tumeshinda mechi sita kati ya saba, na ile moja tuliyopoteza nilikuwa kazini.

Jumapili natoa saa 4 kujitolea hospitali. Nasukuma viti vya magurudumu, naonyesha watu maabara iliko. Siku moja mzee mmoja alinishika mkono kutoka mapokezi hadi mlango wa eksirei bila kuuachia, na jina langu hakuniuliza. Niko pia klabu ya mjadala, saa 3 kwa wiki, kwa sababu niliambiwa vyuo hutazama shughuli za mwombaji.

Kusoma kwenyewe naanza saa nne usiku hadi saa nane usiku, kila siku, hata Jumapili. Saa moja na nusu asubuhi niko macho. Na bado hayaingii. Kuna ukurasa wa hesabu za moli, kile kipimo cha kiasi kwenye kemia, nimeupaka rangi ya njano, nikapaka kijani juu ya njano, sasa karatasi imelowa. Nikiusoma naona naelewa kabisa. Kesho yake niko kwenye kiti cha keshia, mashine inalia pi, pi, najaribu kuukumbuka, naona njano tu.

Juzi nilililia stoo, katikati ya maboksi ya sabuni. Dakika mbili hivi, nikafuta uso, nikarudi kaunta.

Baba (ananipenda sana, usimfikirie vibaya) anasema udaktari hautaki mchezo, niache mpira, maana mshika mbili moja humponyoka. Kaka anasema niache kazi, nikope. Mwalimu wa tuisheni anasema nipunguze usingizi. Alituambia tutalala tukishakuwa madaktari, darasa zima likacheka isipokuwa mimi. Naomba wewe uniambie: niache kipi?

Wako,
Nahodha Aliyechoka

*

Marahaba, mwanangu Nahodha.

Kwanza nilichukua kalamu nikajumlisha, kwa sababu barua yako ina namba nyingi kuliko barua nilizozoea. Wiki ina saa 168. Kazi 30, njiani 7, tuisheni 6, mpira 8, hospitali 4, mjadala 3, kusoma usiku 28, kulala 38 na nusu. Inakuja 124 na nusu. Nikakupa saa 4 kila siku za kula, kuoga na kazi za nyumbani, hizo ni 28 nyingine. Bado kuna zaidi ya saa 15 ambazo hazina mwenyewe. Sikusimangi kwa hizo. Mtu aliyechoka huzivujisha bila kujua: kukaa kitandani na kiatu kimoja mguuni, simu mkononi, kungoja nguvu ya kuvua kingine. Nimezitaja ili uone kwamba shida yako haikuanzia kwenye uhaba wa saa.

Imeanzia hapo kwenye 28. Kila aliyekushauri amegusa kazi, mpira au usingizi. Hakuna hata mmoja aliyeyagusa masomo yenyewe, kwa sababu kusoma ni jambo jema na jambo jema halipekuliwi. Mimi nalipekua. Umeuliza uache kipi, na jibu langu la kwanza ni hili: acha kusoma namna hiyo, usiku huo.

Tazama saa yako. Unaamka saa moja na nusu asubuhi. Ikifika saa sita na nusu usiku umekuwa macho saa 17. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walipima watu waliokaa macho muda kama huo, wakalinganisha na walipokunywa pombe. Kwenye saa 17 utendaji wao ulikuwa umeshuka kama wa mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi hazimruhusu mtu kukivuka akiwa anaendesha gari. Kwa hiyo kuanzia saa sita na nusu hadi saa nane, kila usiku, kemia yako inasomwa na mtu aliyelewa kidogo. Na ni kemia, si biolojia, ninavyokisia. Wengi wetu huanza na tunachokipenda tukiwa wazima na kubakiza tunachokiogopa kwa ajili ya usiku wa manane, halafu tunashangaa alama.

Huyo mwalimu wako ni mcheshi, ila hapa amekosea pande zote mbili. Usingizi ndio wakati ubongo unapopanga na kukazia ulichojifunza mchana, kwa hiyo ukiukata unajikatia masomo. Na madaktari niliowajua hawalali hivyo anavyodhani.

Sasa ukurasa wa njano. Huu naujua vizuri kuliko nipendavyo. Nami niliufanya mtihani wa namna hiyo mara mbili, na mara ya kwanza nilikuwa na madaftari mazuri kuliko darasa zima. Nilikuwa nikifanya kazi ya kupokea simu usiku, nasoma kati ya simu na simu, na vichwa vya habari niliviandika kwa wino wa rangi tatu. Siku ya mtihani swali likaja juu ya jambo ambalo nilikuwa nikiona kabisa, kwenye macho ya moyo, limekaa upande wa kushoto wa ukurasa, chini, kwenye kisanduku cha bluu. Kisanduku nilikiona. Kilichoandikwa ndani sikukiona. Nilikaa na kile kisanduku cha bluu dakika nzima.

Kurudia kusoma kunadanganya kwa namna yake ya pekee: kitu ulichokiona mara nne kinakufahamikia, na kufahamikia kunajifanya ndiyo kujua. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani waliwapa wanafunzi vifungu vifupi vya kusoma. Kifungu kimoja walikisoma kisha wakakirudia. Kingine walikisoma mara moja, wakakifunika, wakaandika walichokikumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, kurudia kusoma kulikuwa mbele. Walipopimwa baada ya wiki moja, kile kilichorudiwa kusomwa walikumbuka asilimia 42, na kile walichojipima asilimia 56. Angalia huo mtego: usiku unapofunga daftari unajiona umeshinda, wiki ya pili ndipo unagundua. Mtihani wako uko mbali kwa wiki 14.

Basi hebu tuushike huo ukurasa wa moli. Ufunike. Chukua karatasi tupu, ujiulize: gramu 9 za maji ni moli ngapi? Usifunue. Andika hata kama unaona aibu. Tuseme umeandika 18 gawanya kwa 9, ukapata 2. Sasa funua. Uzito wa moli moja ya maji ni gramu 18, wewe unazo 9, kwa hiyo ni nusu moli, 0.5, umegeuza mgawanyo. Hilo ndilo jambo lililokuwa limejificha chini ya rangi ya njano mwezi mzima. Hujui kugawanya? Unajua. Hujui moli ni nini? Unajua. Unageuza tu, na usingeligundua kwa kusoma mara mia, kwa sababu kitabu hakigeuzi.

Chukua daftari dogo uandike tarehe na mstari mmoja: “Niligawa uzito wa moli kwa gramu nilizonazo. Gramu nilizonazo ndizo zinakaa juu.” Kesho jipe swali lingine la namna hiyo, mara moja tu, gramu 22 za kaboni dioksidi, kwa mfano (uzito wa moli ni 44, lakini hilo ulitafute mwenyewe kwanza). Baada ya siku tatu jingine. Baada ya wiki jingine. Likipita mara tatu mfululizo, lipige mstari usilitazame tena hadi mwisho wa mwezi. Ukijaza kurasa kumi za daftari hilo utakuwa na kitabu ambacho hakuna duka linalokiuza: makosa yako peke yako, bila ya mtu mwingine yeyote. Mimi mara ya pili niliingia na hilo daftari tu. Madaftari ya rangi nilimpa binamu yangu, akayafungia vitabu vya shule.

Na kwenye kiti cha keshia usijaribu kukumbuka ukurasa. Weka swali moja mfukoni, moja, kwenye kikaratasi. Wakati wa mapumziko lifikirie, ugeuze kikaratasi uone jibu, basi. Mashine ikilia pi, wewe ni keshia. Kuhesabu chenji huku unatafuta moli ndiko kunakomfanya mtu alie stoo.

Nirudi kwenye saa. Nataka ulale saa tano usiku uamke saa moja asubuhi. Saa nane kamili, za usingizi, si za simu. Masomo yaje asubuhi, saa 2 katika kila asubuhi isiyo na tuisheni, kuanzia saa moja na nusu, kabla dunia haijakuchosha. Kemia iwe ya kwanza siku tatu kati ya hizo tano. Biolojia usiifungulie kitabu kabisa kwa sasa: mara moja kwa wiki chora moyo kwenye karatasi tupu, ufuate damu kutoka inapoingia hadi inapotoka kwenye aota, ule mshipa mkubwa, na ukifika kwenye vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) za mapafu ujikumbushe kwamba hizo, tofauti na vena nyingine, zimebeba damu yenye oksijeni. Ukikwama, hapo ndipo pa kusoma. Ongeza dakika 45 jioni siku nne kwa wiki, kwa ajili ya daftari la makosa tu. Kila wiki ya pili, asubuhi ya Jumamosi, kaa na karatasi nzima ya mtihani wa majaribio kwa muda ule ule wa mtihani wenyewe, simu ikiwa chumba kingine.

Jumlisha. Hazifiki 14. Ni nusu ya unazosoma sasa, na najua utaogopa, kwa sababu hizo 28 zilikuwa pia zinakutuliza: hakuna wa kusema hukujitahidi. Zijaribu hizi 14 kwa wiki nne. Kama kemia haikusogea, zirudie zako na uniandikie barua ya kunitukana.

Mpira. Kuna kisa cha Mwingereza Roger Bannister ambacho watu hupenda kukisimulia kwa wanafunzi wa udaktari, na wengi hukisimulia nusu. Tarehe 6 Mei 1954 alikuwa mwanafunzi wa udaktari London. Asubuhi alipitia hospitali, akanoa misumari ya viatu vyake vya kukimbilia kwenye maabara, akapanda treni hadi Oxford, na jioni akawa mtu wa kwanza kukimbia maili moja chini ya dakika 4: dakika 3, sekunde 59.4. Nusu wanayoisimulia ni hiyo, na funzo lake eti ni kwamba ukitaka unaweza yote. Nusu nyingine ni kwamba mazoezi yake yalikuwa mafupi, mengi akiyafanya wakati wa chakula cha mchana. Na mwaka huo huo ulipoisha alivua viatu, akaacha mashindano, akaenda kuwa daktari, baadaye bingwa wa maradhi ya mishipa ya fahamu. Mbrazili Sócrates naye, yule nahodha wa timu ya taifa kwenye Kombe la Dunia la 1982, alisomea udaktari huku akichezea klabu ya mji aliosoma, na ni baada ya kumaliza chuo ndipo alipohamia timu kubwa ya Corinthians. Wote wawili walishika mbili. Lakini kila mmoja alijua kipi kinasubiri, na kinasubiri hadi lini.

Kwa hiyo methali ya baba ni ya kweli, ila haisemi ipi iponyoke, na mpira si wa kwanza kwenye orodha yangu. Soma barua yako. Mpira umeupa aya nzima, mpaka na mechi ulizoshinda. Klabu ya mjadala umeipa sentensi moja, na ndani yake hakuna hata kitu kimoja unachokipenda, kuna “niliambiwa”. Iache wiki hii, kwa ujumbe wa adabu wa mistari mitatu. Hizo saa 3 ni usingizi wako.

Na huo uvumi wa shughuli nyingi nao nauondoa. Ni kweli baadhi ya vyuo hutazama. Fomu ya pamoja wanayotumia vyuo vingi vya udaktari Marekani, kwa mfano, ina nafasi 15 za shughuli. Lakini mwombaji huambiwa achague zisizozidi tatu zilizomgusa zaidi, azieleze kwa kirefu. Msahili akikuuliza kuhusu klabu ya mjadala utasema nini? Akikuuliza kuhusu mpira hutanyamaza. Akikuuliza kuhusu yule mzee wa eksirei, natumaini atakuwa na leso.

Hospitali usiiache, ila iwe mara mbili kwa mwezi. Si kwa ajili ya fomu. Ukishaingia chuoni utatumia muda mrefu na vitabu na maiti kabla hujapewa mgonjwa wako, na ni vizuri ukumbuke ulichokuwa unakitafuta. Pia, nisamehe nikisema hivi, ndiko mahali pa kujua kama huitaki hii kazi. Wapo wanaogundua wakiwa mwaka wa nne.

Mpira sasa, kwa uwazi. Wiki nane za mwanzo cheza: zoezi moja kwa wiki na mechi. Zoezi la pili mwachie msaidizi wako aliongoze, na kama huna msaidizi, mteue leo. Timu inayofungwa nahodha akiwa kazini inamhitaji huyo msaidizi kuliko inavyokuhitaji wewe. Kuanzia wiki ya tisa hadi siku ya mtihani, acha mechi, baki na zoezi moja la kutoa jasho tu, bila unahodha, na hizo saa uzipeleke kwenye karatasi za majaribio. Waambie wenzako mapema, kwa tarehe. Kinachowaudhi watu ni nahodha anayepotea, siyo anayeaga.

Kazi: kaka yako ana nia njema, lakini ukikopa ili usome saa nyingi zaidi za namna ile ya njano, utakuwa umekopa kwa ajili ya karatasi iliyolowa. Mshahara unakulipia tuisheni na unabeba kodi, uendelee. Kinachokuumiza si hizo saa 30, ni ile Ijumaa jioni. Mtu asiyejua Jumanne yake itakuwaje hawezi kupanga chochote. Nenda kwa meneja siku isiyo na foleni, usiende na machozi wala malalamiko, mwambie: “Nina mtihani baada ya wiki 14. Naomba zamu za mchana tu hadi siku hiyo. Mimi nitachukua Jumapili jioni, ile ambayo kila mtu anaikimbia.” Meneja ana tundu moja linalomsumbua kila wiki, ukilijaza, yako yatasikilizwa. Akikataa kabisa, omba angalau ratiba ya wiki mbili kwa pamoja. Na kama nyumbani wanaweza kukubebea kidogo kwenye kodi kwa mwezi wa mwisho tu, omba kupunguziwa zamu moja. Moja, si zote.

Baba yako usishindane naye kwa maneno. Mzazi aliyekuona unakesha halafu ukakosa kwa alama chache anatafuta kitu cha kulaumu, na mpira ndio unaoonekana kwa sababu unarudi nyumbani na jasho. Kaa naye jioni moja, mpe heshima yake, mwambie: “Baba, naomba wiki nne. Mjadala nimeacha, mpira nimepunguza, nalala mapema. Nitakuletea karatasi mbili za majaribio uzione mwenyewe.” Halafu umpelekee kweli, hata ile iliyoharibika. Asubuhi ya kwanza atakayokukuta saa moja na nusu uko mezani na kalamu, umefunga kitabu na unaandika, nadhani nusu ya hoja yake itaondoka bila ya wewe kufungua mdomo.

Limebaki la stoo. Mara moja, kwa uchovu huo, silishangai. Lakini nisikilize. Ukishaanza kujipa saa nane nzima za kulala na bado usingizi ukakataa, au chakula kikakataa, au ukaingia uwanjani na dakika ya kumi ikapita bila kusahau kilichokuvuruga, na hali ikaendelea wiki mbili, nenda kwa mhudumu wa afya umweleze kama ulivyonieleza mimi, pamoja na maboksi ya sabuni. Anayetaka kutibu watu asione haya kutibiwa.

Kesho usianze na ratiba wala kalamu za rangi za kuipamba. Anza na hizo gramu 22. Wiki ya sita niandikie unijulishe kemia imefika ngapi, na uniambie matokeo ya mechi. Nisalimie baba.

Mama Mshauri